Namna Tulivyokinadi Kitabu Adimu cha Bustani kwa Ajili ya Hisani

Mnada wa hisani wa chama chetu cha wapenda mimea umezoea bidhaa za aina moja: vipandikizi, mizizi iliyogawanywa, mbegu ndani ya bahasha, na vyungu vya mimea ambayo wanachama wameilea kwa mikono yao. Kila aliyemo ukumbini anajua mmea wenye afya unavyopaswa kuonekana, kwa hiyo bei hupatikana bila maelezo marefu. Safari hii familia ya mwanachama wetu mmoja aliyefariki ilitukabidhi kitabu cha utunzaji wa bustani kilichochapishwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chenye picha za mimea zilizopakwa rangi kwa mkono, ikaomba fedha zitakazopatikana ziingie katika mfuko wetu wa kuwafundisha vijana utunzaji wa mimea na mbegu. Familia iliomba pia jina la marehemu na la kitabu yasitajwe katika makala zinazoandikwa kuhusu mnada huu, na ombi hilo ninaliheshimu hapa. Mimi nilipewa jukumu la kukiandaa kitabu hicho, na ninaandika haya kwa sababu ninaamini kwamba chama cha mimea kinaweza kukiuza kitabu cha namna hii vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi kikubali kutumia muda mwingi kukielewa kabla ya kukiweka mezani.

Kabla ya jambo lolote tuliiuliza familia, kwa maandishi, kama inakitoa kitabu ili kiuzwe au ili kitunzwe. Mtoaji anaweza kudhani kwamba chama kitakihifadhi kabatini kwa heshima, kisha akaumia moyoni akisikia kwamba kimekwenda kwa mtu asiyemjua. Na chama nacho kinaweza kulaumiwa kwa kuuza kitu ambacho kilikabidhiwa kama amana. Jibu lilikuwa wazi kwamba marehemu alitaka kitabu kiwasaidie vijana, na kwamba kukifungia kabatini kusingewasaidia.

Lililobaki lilikuwa njia ya kukiuza, na hapo kamati iligawanyika. Wapo waliotaka kipelekwe kwa wadalali maalumu wa vitabu vya kale, na wapo waliotaka tuuze tikiti za bahati nasibu ili kila mwanachama apate nafasi, hata asiye na fedha nyingi. Pendekezo la bahati nasibu lilitolewa kwa nia njema, lakini lilinikumbusha habari za Robert John Thornton, tabibu Mwingereza aliyeteketeza mali yake katika kutengeneza kitabu cha picha kubwa za maua mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Wanunuzi walipokuwa wachache kuliko alivyotarajia, Bunge la Uingereza lilimruhusu kuendesha bahati nasibu ambayo zawadi zake zilikuwa kazi zake hizo hizo, na bado haikumwokoa. Bahati nasibu huuza matumaini kidogo kidogo kwa watu wengi, na mwisho wake kitabu huweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyekihitaji, ilhali yule ambaye angekilipia kwa moyo wote anarudi nyumbani na tikiti isiyo na kitu. Aidha, katika nchi nyingi bahati nasibu ina sheria zake na vibali vyake, na chama kidogo hakina sababu ya kujitwika mzigo huo.

Hoja ya wadalali wa vitabu ilikuwa na uzito zaidi. Kama kitabu chetu kingekuwa cha daraja la kile cha James Bateman kuhusu okidi za Meksiko na Guatemala, kilichotolewa kati ya mwaka 1837 na 1843 kwa nakala 125 tu, ningeshauri bila kusita kipelekwe kwao, kwa sababu wanunuzi wa vitabu vya namna hiyo ni wachache, wametawanyika duniani, na hawawezi kufikiwa kwa barua za chama. Kitabu chetu ni adimu, ila hakijafikia kiwango hicho. Kinatafutwa na watu wanaopenda mimea ambayo sisi tunaikuza na kuijua, na baada ya wadalali kukata ada yao kwa muuzaji na nyingine kwa mnunuzi, mfuko wa vijana ungebakiwa na sehemu ndogo ya kile ambacho mnunuzi amekubali kutoa. Ndiyo maana tuliamua kukinadi wenyewe, kwa sharti moja nililolisimamia tangu mwanzo: kisipofikia kima cha chini tutakachokiweka, hakiuzwi siku hiyo.

Kazi ya kukikagua ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayotamani vyama vingine viifanye. Nilikifungua juu ya mto laini ili mgongo wake usilazimishwe kulala, nikiwa na mikono iliyooshwa na kukaushwa kabisa. Wengi hutarajia glavu nyeupe za pamba, lakini watunzaji wa maktaba kubwa siku hizi hupendelea mikono mikavu na safi, kwa kuwa glavu hupunguza hisia za vidole na kuongeza hatari ya kuichana karatasi iliyozeeka. Hakuna penseli iliyogusa ukurasa, na hakuna utepe wa kunata uliotumika hata pale ambapo karatasi ilikuwa imechanika, kwani gundi ya utepe huacha doa lisilotoka na hushusha thamani kuliko mpasuko wenyewe.

Jambo la kwanza ni kuhesabu. Kitabu cha picha huwa na thamani kamili pale tu picha zote zilizoorodheshwa zimo ndani, na katika vitabu vya mimea pengo la picha ni kasoro ya kawaida sana, kwa kuwa kwa vizazi vingi watu wamekuwa wakizikata picha za maua ili kuzitia kwenye fremu. Nilipitia orodha ya picha iliyochapwa mwanzoni, nikailinganisha na picha moja moja, kisha nikalinganisha matokeo hayo na maelezo ya nakala zilizomo katika katalogi za maktaba. Picha moja haikuwemo, na nyingine ilikuwa imeshonwa mbali na maandishi yake. Kasoro zote mbili ziliandikwa kwenye daftari siku hiyo hiyo, zikaingia katika maelezo ya mnada zikiwa mstari wa pili, mahali ambapo hakuna msomaji ambaye angeziruka.

Baada ya kuhesabu nilichukua kioo cha kukuzia. Picha iliyochapwa kwa bamba la shaba mara nyingi huacha mfinyo kuizunguka, mahali ambapo kingo za bamba zilibonyea kwenye karatasi yenye unyevu, na mistari yake ina wino uliosimama kidogo juu ya uso wa karatasi. Picha iliyochapwa kwa jiwe haina mfinyo huo. Picha ya kisasa iliyonakiliwa kwa mashine hugawanyika kuwa vitone vidogo mara inapokuzwa, wakati rangi ya mkono hutanda, huvuka mstari hapa na pale, na huonyesha mahali ambapo brashi iliinuliwa. Hata hivyo rangi ya mkono peke yake si ushahidi wa umri mkubwa. Jarida la mimea lililoanzishwa na William Curtis jijini London mwaka 1787 liliendelea kuzipaka rangi picha zake kwa mkono hadi mwaka 1948, na mtu anaweza pia kuipaka rangi leo picha ambayo ilichapwa nyeusi tupu zamani. Ushahidi ulionisaidia zaidi ulikuwa alama ya maji, yaani alama inayotiwa ndani ya karatasi inapotengenezwa na kuonekana ikiinuliwa kuelekea mwangani. Karatasi nyingi za Kiingereza za tangu mwishoni mwa karne ya 18 zina mwaka wa kutengenezwa ndani ya alama hiyo, na ukurasa hauwezi kuwa umechapwa kabla ya karatasi yake kuwapo. Kila mwaka nilioweza kuusoma nilipoinua ukurasa kuelekea dirishani ulipatana na mwaka uliochapwa kwenye ukurasa wa jina.

Suala la toleo lilileta mjadala mrefu miongoni mwetu, kwa kuwa nakala yetu si ya toleo la kwanza, na mjumbe mmoja alihofu kwamba jambo hilo litawakimbiza wanunuzi. Kwa wakusanyaji wa vitabu vya hadithi huenda hofu hiyo ina msingi, lakini vitabu vya mimea vina mantiki yake. Kamusi ya wakulima wa bustani ya Philip Miller, mtunza bustani Mwingereza, ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1731, wakati mimea ilikuwa bado ikiitwa kwa sentensi ndefu za Kilatini. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipotoa mwaka 1753 kitabu ambacho ndicho mwanzo rasmi wa majina ya mimea ya maneno mawili, Miller aliupokea mfumo huo kwa ukamilifu katika toleo la nane la mwaka 1768, na ni toleo hilo la nane ambalo wataalamu wa mimea hulitaja hadi leo wanapofuatilia asili ya majina mengi. Kwa hiyo tulipoandika maelezo hatukuona haya kutaja kwamba letu ni toleo la baadaye. Tulieleza kilichoongezwa ndani yake, sura zilizoandikwa upya na mimea iliyoingizwa, mambo ambayo mtu wa bustani angependa kuyajua.

Niseme kwa kifupi habari ya kitabu kingine kilichokuwa katika sanduku lile lile, kwa kuwa ni suala la usalama. Kilikuwa kidogo, cha miaka ya baadaye, kimevikwa kitambaa cha kijani kikali chenye kung'aa. Katika karne ya 19 vitambaa vya majalada vilitiwa wakati mwingine rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa shaba na arseniki, ambayo ni sumu, na jumba la makumbusho la Winterthur nchini Marekani, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Delaware, limekuwa likivitafuta na kuviorodhesha vitabu vya namna hiyo tangu mwaka 2019. Kitabu cha bustani kuvikwa kijani si ajabu, na kwa macho tu mtu hawezi kuwa na hakika. Tulikitia ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, tukaosha mikono, na tukakiondoa katika mnada hadi kitakapopimwa. Hakuna fedha ya hisani inayostahili kumpelekea mtu sumu nyumbani.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ndani ya kitabu chenyewe kilikuwa maandishi ya pembeni. Mwenye kitabu wa zamani, kwa wino uliogeuka kahawia, alikuwa ameandika kando ya mimea kadhaa ni lini aliipanda, ipi ilichanua, ipi ilikufa kwa baridi, na mahali pawili alimpinga mwandishi waziwazi kuhusu kiasi cha maji. Kati ya kurasa mlikuwa na majani makavu ambayo yalikuwa yameacha kivuli cha rangi ya chai kwenye karatasi. Muuza vitabu niliyemwomba ushauri aliniambia kwamba kwa wateja wake wengi mambo hayo ni madoa na yangepunguza bei. Ninaheshimu uzoefu wake, lakini sikukubaliana naye kuhusu ukumbi wetu. Mtu aliyewahi kupoteza mmea kwa maji mengi huyasoma maandishi yale kama barua kutoka kwa mwenzake, na mimi niliona kwamba hapo ndipo mnada wa chama cha mimea unapoupita mnada wa wakusanyaji: sisi tunao wanunuzi wanaojua maana ya maandishi hayo. Nilinakili kila neno nililoweza kulisoma, nikaliweka katika maelezo ya kitabu, na majani yale nikayahamishia katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, nikiandika ukurasa ambao kila moja lilitoka, ili yaende pamoja na kitabu bila kuendelea kukidhuru.

Palikuwa pia na muhuri wa maktaba moja kwenye ukurasa wa jina, ukiwa umepigwa mstari. Vitabu vyenye picha vimeibwa maktabani kwa miaka mingi, na muhuri uliofutwa kwa mkono hauthibitishi kwamba maktaba ilikiachilia kwa hiari yake. Tuliiandikia taasisi husika tukiambatanisha picha za muhuri, tukasubiri, na hatukutangaza lolote hadi ilipothibitisha kwa maandishi kwamba kitabu kiliondolewa kihalali katika orodha yake. Wapo waliouona usubirifu huo kuwa wa kupita kiasi. Mimi naona kwamba chama kinachouza kwa jina la hisani kina wajibu mkubwa zaidi wa kuhakikisha umiliki, kwa sababu watu wanakiamini bila kuuliza.

Kuhusu kima cha chini, tulitazama bei ambazo nakala za toleo hilo hilo zilifikia kweli katika minada iliyopita. Bei ambazo wauzaji huzitundika kwenye intaneti hatukuzifuata, kwa kuwa bei iliyotundikwa kwa miaka bila mnunuzi inaeleza tamaa ya muuzaji tu. Kutoka hapo tulipunguza kwa ajili ya picha iliyokosekana, kwa madoa ya kahawia ambayo unyevu huyaleta kwenye karatasi za zamani, na kwa mgongo uliolegea. Kiwango tulichokubaliana kilijulikana na mwenyekiti, mweka hazina, dalali na mimi, na kiliandikwa katika karatasi iliyofungwa. Bei ya kuanzia tuliiweka chini sana ya hapo, maana ukumbi unaoanza kwa ukimya huwa mgumu kuuchangamsha, na watu wanaoona wenzao wakishindania kitu hupata ujasiri wa kuingia.

Maelezo yenye picha za wazi, zikiwamo picha za kila kasoro, yalitumwa mapema kwa wanachama, kwa vyama vingine vya mimea na kwa wauza vitabu wachache. Nilitilia mkazo kasoro kwa sababu mnunuzi asiye na hakika hujikinga kwa kupunguza dau lake. Ukimwonyesha ubaya wote, hana tena sababu ya kukisia ubaya mwingine. Wasioweza kufika waliruhusiwa kuacha dau la juu kabisa kwa siri, na katibu akaagizwa kulipandisha hatua kwa hatua kwa niaba yao pale tu panapokuwa na mshindani, ili anayeacha dau kubwa asitozwe lote bila sababu. Siku ya maonyesho kitabu kiliwekwa katika chumba tofauti na mimea. Hili linaonekana dogo, lakini ukumbi wa mnada wa mimea una udongo, maji yanayodondoka, na wadudu wanaosafiri na vyungu, na meza iliyobeba chungu kilichomwagiliwa asubuhi si mahali pa karatasi ya miaka karibu mia mbili.

Katika siku hizo mtu mmoja alieleza bila kuficha kwamba akikipata atakivunja na kuuza picha moja moja. Kisheria kitabu kikishauzwa ni mali ya mnunuzi, na hatukuwa na uwezo wa kumzuia. Tulichofanya ni kutangaza katika maelezo, na tena kwa mdomo kabla ya mnada, kwamba ni matakwa ya familia kitabu kibaki kizima. Ninaungana na familia kwa moyo wangu wote: picha ya ua ukutani ni nzuri, lakini ikitengwa na maandishi yake, na maandishi yakitengwa na wino wa yule aliyebishana nayo, kinachobaki ni pambo.

Kitabu hakikuwekwa cha kwanza wala cha mwisho. Tulikiweka katika theluthi ya kwanza ya mnada, wakati watu walikuwa wamekwisha kuchangamka lakini hawajamaliza fedha zao kwenye mimea. Dalali wetu ni mwanachama anayenadi mimea kwa kasi na kwa bashasha nyingi, na nilimwomba abadilishe mwendo: asome maelezo yote, kasoro zikiwamo, asome pia mistari michache ya maandishi ya pembeni, halafu apandishe dau kwa hatua za takriban asilimia 10 ya bei iliyofikiwa. Mashindano ya mwanzo yalikuwa kati ya wengi. Baadaye walibaki mwuza vitabu mmoja, dau moja la siri, na mwanachama mmoja wa miaka mingi ambaye hukuza aina ile ile ya mimea inayojaza sura kubwa ya kitabu. Kima cha chini kilipitwa mapema. Mwuza vitabu aliacha kwanza, dau la siri likafikia ukomo wake, na nyundo ikamwangukia mwanachama wetu kwa bei iliyopita matarajio ya kamati. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amepanga kuacha hatua kadhaa kabla, na kwamba maandishi ya pembeni ndiyo yaliyomfanya aendelee.

Malipo yalithibitishwa kabla ya kitabu kukabidhiwa, na mnunuzi alipewa stakabadhi, nakala ya barua ya maktaba, bahasha ya majani makavu, na karatasi ya maelezo yenye kasoro zote ikiwa na sahihi zake na zetu. Familia iliandikiwa barua inayotaja kiasi chote kilichopatikana na kiasi kilichoingia katika mfuko wa vijana, ambavyo ni kiasi kimoja, kwa kuwa chama hakikukata gharama yoyote. Kwa idhini ya mnunuzi, picha za kurasa zenye maandishi ya pembeni zimehifadhiwa katika kumbukumbu za chama, na wanachama wawili wameanza kuyalinganisha na uzoefu wao wa mimea hiyo hiyo. Nimeiomba kamati iweke katika kanuni kwamba kitabu chochote cha kale kitakachotolewa kipokelewe miezi mingi kabla ya mnada, na kisiorodheshwe hadi umiliki wake na ukamilifu wake vithibitishwe. Rasimu ya kanuni hiyo iko kwa katibu, na itajadiliwa katika mkutano mkuu ujao.